Msaada: programu inajifunga ikitoka kwenye kamera, "lateinit property njiaYaPicha has not been initialized"

fundi_wa_majengo, Jumatatu saa 3 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nipo Moshi, Majengo. Hili tatizo nimelala nalo siku ya nne leo, na mwenye kazi sasa hivi akiona namba yangu anapokea kwa kuguna tu.

Nimetengeneza programu ya Android kwa lugha ya Kotlin kwa ajili ya chama cha msingi kimoja cha wakulima wa kahawa huku juu Kibosho. Kazi yake ni ndogo. Jioni mkulima analeta kahawa mbivu, karani anaiweka kwenye mzani, anaandika namba ya mkulima na kilo, halafu anabonyeza "Piga picha" ili ile namba ya kwenye mzani ibaki kama ushahidi. Hiyo picha ndiyo waliyoitaka kuliko vyote, maana kila msimu hakukosi mzozo wa "mimi nilileta 63, nyie mmeniandikia 36".

Kwenye simu yangu haijawahi kujifunga hata siku moja. Kwenye emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) pia hakuna shida. Kwa karani sasa! Kati ya picha kumi, tatu au nne ni balaa. Anapiga vizuri, anabonyeza ile tiki ya kamera, skrini inakuwa nyeupe kidogo, programu inapotea. Akiifungua tena, kilo alizoandika hazipo. Mkulima kasimama pale na koti lake, foleni nyuma yake, na kahawa mbivu hailali, lazima ipite mashineni siku hiyo hiyo.

Juzi kati nikapanda daladala na kompyuta na waya, nikalikamata kosa kwenye Logcat (orodha ya matukio ya simu) palepale kwenye mzani:

`java.lang.RuntimeException: Failure delivering result ...`
`Caused by: kotlin.UninitializedPropertyAccessException: lateinit property njiaYaPicha has not been initialized`

Na msimbo wenyewe huu hapa:

`private lateinit var njiaYaPicha: String`

`kitufePicha.setOnClickListener {`
`    val faili = tengenezaFaili()`
`    njiaYaPicha = faili.absolutePath`
`    pigaPicha.launch(uriYa(faili))`
`}`

Hiyo `pigaPicha` ni `registerForActivityResult` ya kawaida, ile ya `TakePicture`, yaani inafungua kamera na kusubiri jibu. Jibu likirudi naita `hifadhiPicha(njiaYaPicha)`.

Jamani, thamani nimeiweka! Ipo kabla kamera haijafunguka. Sasa inakuwaje naambiwa haijawekwa?

ngoja_waje, saa 3:14 usiku

Ngoja waje wataalamu.

koda_mtupu, saa 3:31 usiku

Mkuu hili mbona dogo. Kabla ya kuhifadhi uliza kwanza `::njiaYaPicha.isInitialized`. Kama jibu ni hapana, ruka. Haitajifunga tena, utanishukuru kesho. Ila hakikisha Kotlin yako si ya kale, hiyo kitu ilikuja na toleo la 1.2.

fundi_wa_majengo, saa 3:40 usiku

Mkuu nilishaifanya Ijumaa. Kweli haijifungi. Ila picha haihifadhiwi, na karani hana habari, yeye anaona mambo safi. Jumamosi jioni nimekuta kumbukumbu 11 hazina picha, nikaiondoa. Bora ilivyokuwa inajifunga, angalau alikuwa anapiga kelele.

Mama_Msimbo, saa 4:05 usiku

Mdogo wangu, ulichoshauriwa hapo juu ni funika kombe mwanaharamu apite. Kuuliza kama kigeu kimewekwa kunasaidia pale ambapo kutokuwekwa ni jambo la kawaida na una la kufanya badala yake. Wewe huna la badala. Njia ya faili ikipotea, picha imepotea.

Naomba unijibu mawili. Simu ya karani ina RAM kiasi gani? Na ya kwako?

fundi_wa_majengo, saa 4:09 usiku

Yake 2GB dada, ni ya chama, imejaa magemu ya watoto wake. Yangu 8GB.

Mama_Msimbo, saa 4:38 usiku

Nilijua. Basi weka chai nikueleze, mimi huku Njiro umeme upo leo kwa hiyo nitaandika mpaka nichoke.

Kotlin inataka kila kigeu kizaliwe na thamani yake. Ukiandika `lateinit` unaiambia "niamini, nitaileta baadaye kabla hujaihitaji". Ni kama kukopa dukani kwa mangi: anaandika jina lako kwenye daftari, mzigo unaondoka nao, pesa bado. Kompaila (inayotafsiri msimbo wako) haikagui kama utalipa. Siku ya kudai ikifika na hujalipa, unapata hilo kosa.

Kinachokuchanganya ni kwamba wewe umelipa kweli. Ila umemlipa mtu aliyekufa.

Fuata mlolongo. Karani anabonyeza kitufe, `njiaYaPicha` inapata thamani, kamera inafunguka. Kamera ni programu nyingine kabisa, nayo inakula memori kama haina akili nzuri. Simu ya 2GB inabanwa, Android inatafuta wa kumtoa. Nani hayupo mbele ya macho ya mtumiaji? Wewe. Prosesi yako, yaani programu yako ilivyo hai kwenye memori, inauawa kimyakimya, na kila kilichokuwa kwenye memori yake kinaenda nayo. Hapo karani bado yuko kwenye kamera, haoni chochote.

Anabonyeza tiki. Android inakumbuka kwamba kuna skrini ilikuwa inasubiri jibu, kwa hiyo inaanzisha prosesi mpya na kuijenga Activity yako (ile skrini) upya: `onCreate`, `onStart`, halafu jibu la kamera linakabidhiwa. Hii ni Activity mpya. Jina lile lile, sura ile ile, lakini kitufe chake hakijabonyezwa na mtu. Ni sawa na kumwachia funguo mlinzi wa mchana, halafu usiku unarudi unamdai mlinzi wa zamu ya usiku kwa sababu tu amevaa sweta lile lile. Hajui unachosema.

Na `TakePicture` inarudisha ndiyo au hapana tu. Haikwambii faili liko wapi, hilo unatakiwa ulikumbuke mwenyewe.

Kama huamini, lete kosa kwenye simu yako. Settings, About phone, gonga Build number mara 7, halafu kwenye Developer options washa "Don't keep activities". Piga picha moja uone.

fundi_wa_majengo, saa 4:52 usiku

Dada!!! Picha ya kwanza tu, imejifunga. Siku nne nilikuwa napanda Kibosho kumbe ugonjwa ninao mfukoni.

chalii_wa_sakina, saa 5:03 usiku

Oya chalii wangu, hapo dawa ni ViewModel, ile klasi ya kushikia data ya skrini. Hamishia `njiaYaPicha` kwenye ViewModel, ukizungusha simu haipotei, Activity ikifa haipotei. Mimi ndo natumia hivyo na sijawahi kulia. Na kama unataka simu mbovu ya kujaribia nina moja ya 1GB hapa Sakina, nakutupia kwenye Coaster ya asubuhi, Arusha Moshi kilomita 80 tu hapo.

Babu_Logcat, Jumanne saa 12:20 asubuhi

Vijana hamjambo. Nimeamka kumwagilia migomba nikaona nipite.

Chalii, simu yako mpe, itamfaa. Ushauri wako usimpe. ViewModel inavuka pale Activity inapojengwa upya kwa sababu ya kuzungusha simu au kubadili lugha, yaani prosesi ikiwa hai. Prosesi ikiuawa, ViewModel nayo inakaa kwenye memori ile ile iliyofutwa. Inakwenda kaburini pamoja. Hujawahi kulia kwa sababu wateja wako wana simu nzuri.

Kinachovuka ni kile unachomkabidhi Android mwenyewe akushikie nje ya prosesi yako. Ziko njia mbili za karibu. Ukipenda ViewModel, itumie pamoja na `SavedStateHandle`. Ukitaka kwa mkono, fanya hivi:

Badala ya `lateinit`, andika `private var njiaYaPicha: String? = null`

Ndani ya `onSaveInstanceState`, ule mfuko anaokushikia Android: `outState.putString("njia", njiaYaPicha)`

Ndani ya `onCreate`: `njiaYaPicha = savedInstanceState?.getString("njia")`

Hapo umemwachia funguo mwenye nyumba, si mlinzi. Mlinzi yeyote akija anapewa.

Angalizo: hifadhi njia ya faili, usije ukahifadhi picha yenyewe. Mfuko huo ni mdogo, mzigo wote unaopita kwa mkupuo una kikomo cha MB 1, na picha ya kamera ya siku hizi inazidi hapo. Ukiujaza utapata kosa jingine baya kuliko hili. Zile kilo usihangaike nazo, kisanduku cha kuandikia chenye id hujirudishia maandishi yake.

Na jambo dogo, wala usilione tusi. Uliposoma kosa juzi kati, najua ulianza na ule mstari wa juu ukatafuta maana ya "Failure delivering result" usiku kucha. Kunywa mtori, nyama ziko chini. "Caused by" ya mwisho ndiyo inayosema kweli.

fundi_wa_majengo, saa 2:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Umejuaje kuhusu usiku kucha.

Nimebadilisha kama ulivyosema. Nimewasha ile "Don't keep activities", nimepiga picha ishirini, zote zimeingia. Jioni napanda na toleo jipya.

Babu_Logcat, saa 2:30 asubuhi

Marahaba. Nenda salama, Kibosho jioni kuna baridi.

koda_mtupu, saa 3:02 asubuhi

Nimeelewa nilipokosea. Ila niulize, kwa nini asitumie tu `by lazy`? Ile haina habari ya "haijawekwa", ukiiita mara ya kwanza inajitengeneza.

Mama_Msimbo, saa 3:45 asubuhi

Kwa sababu itajitengeneza kutokana na nini? `by lazy` ni nzuri kwa kitu ambacho klasi inaweza kukipata yenyewe wakati wowote: hifadhidata, adapta ya orodha, kitu kama hicho. Hapa angepata jina jipya la faili, tupu, wakati picha ya mzani imelala kwenye faili la zamani. Karani angehifadhi hewa.

Halafu kwenye Fragment (kipande cha skrini) usiweke vitu vya skrini ndani ya `by lazy`. Fragment inaweza kubaki hai huku skrini yake imebomolewa na kujengwa upya, wewe unaendelea kushika kitufe cha zamani kisichoonekana na mtu. Nimewahi kupoteza wikendi nzima hapo.

mdudu_wa_flutter, saa 4:20 asubuhi

Nasomea huku kwetu Flutter, tunakoandika programu kwa lugha ya Dart, kuna ndugu yake pacha, `LateInitializationError`. Neno `late` lilikuja na Dart 2.12 mwaka 2021 pamoja na ulinzi wa null (kigeu kisicho na thamani), na watu walilimwaga kila mahali ili kompaila inyamaze. Kwetu kesi kubwa ni mtu anajaza kigeu ndani ya kazi ya kusubiri mtandao aliyoianzisha kwenye `initState`, halafu `build` (inayochora skrini) inakimbia kabla data haijafika. Ukiwa na bando la kasi ofisini jibu linawahi na huoni kosa. Mteja akiwa Rombo, analiona.

fundi_wa_majengo, Alhamisi saa 2 usiku

Wakuu nimerudi. Msinipige.

Jumanne jioni mambo yalikuwa safi, karani akaninunulia soda. Jana safi mpaka saa moja. Leo kanipigia: imejifunga. Mara mbili tu, lakini imejifunga. Na si kwenye kamera, picha inarudi vizuri, anaiona, kilo zinaonekana, akibonyeza "Hifadhi" ndiyo inapotea. Nimemwambia aniletee simu stendi, nikachomoa kumbukumbu:

`lateinit property karani has not been initialized`

Huyu `karani` yuko kwenye `object Kikao` (kitu kimoja kinachotumiwa na programu nzima), namjaza kwenye skrini ya kuingilia akishaweka namba ya siri. Haiwezekani mtu afike kwenye mzani bila kupita pale. Na kwenye simu yangu, ile "Don't keep activities" ikiwa imewashwa, haitokei hata nikijaribu mara mia.

Mama_Msimbo, saa 2:25 usiku

Kumbe kuna na hiyo. Ni ugonjwa ule ule, mdogo wangu, ulikuwa umejificha nyuma ya wa kwanza. Programu ilikuwa inafia kwenye picha, haifiki kwenye "Hifadhi". Umetibu wa kwanza, wa pili kapata nafasi.

Babu_Logcat, saa 3:10 usiku

Mama amesema sawa. Mimi nimalizie lile la kujaribu, kwa sababu kosa ni langu pia, ningekwambia Jumanne.

"Don't keep activities" inabomoa Activity tu. Prosesi inabaki hai, kwa hiyo `object Kikao` inabaki na karani wake ndani, na wewe unaona mambo safi. Simu ya 2GB haifanyi hivyo, inaua prosesi nzima. Jaribio la kweli ni hili. Fungua programu, ingia kama karani, bonyeza "Piga picha" mpaka kamera itokee. Ukiwa hapo hapo kwenye kamera, andika kwenye kompyuta:

`adb shell am kill jina.la.kifurushi.chako`

Halafu endelea kama karani: piga, tiki, Hifadhi. Usiifute programu kwa kuisukuma kwenye orodha ya zilizofunguliwa, ile ni kitu kingine, mtumiaji amesema hataki tena na Android inatupa na mfuko wenyewe.

Sasa hilo la "haiwezekani mtu afike kwenye mzani bila kupita pale". Inawezekana. Android ikirudisha programu iliyouawa haianzi mlangoni, inamrudisha mtu kwenye kiti alichokuwa amekaa. Skrini ya kuingilia haikimbii kabisa. Kila unachokijaza skrini ya kwanza ukitegemea skrini ya tatu ikikute, kiko hatarini.

fundi_wa_majengo, saa 3:22 usiku

Nimefanya `am kill`. Imejifunga mara ya kwanza. Mzee, nakosa hata la kusema.

Kwa hiyo `karani` nimweke kwenye `onSaveInstanceState` ya kila skrini?

Babu_Logcat, saa 3:35 usiku

Hapana, utachoka na utasahau moja. Njia ya picha ni jambo la skrini moja kwa dakika moja, ndiyo maana mfuko ule unaitosha. Nani yuko zamu ni jambo la programu nzima kwa jioni nzima, hilo linakaa diskini. Andika namba ya karani kwenye DataStore (hifadhi ndogo ya diskini) anapoingia, na yeyote anayemhitaji asome pale. Asipokuwepo, mrudishe mlangoni aingie upya. Futa kabisa hiyo `lateinit` kwenye `Kikao`. Mimi kwangu `lateinit` ndani ya `object` ni marufuku, vijana wa ofisini wananiona mkorofi.

chalii_wa_sakina, saa 3:41 usiku

Mzee nimejaribu hiyo `am kill` kwenye programu yangu ya wapagazi wa mlima. Imekufa sehemu tatu. Naomba nisiongee tena humu.

dada_wa_hilt, saa 4:00 usiku

Niongeze moja, watakaopita hapa baadaye wanaweza kuwa na kosa hili hili ila sababu tofauti. Kama mnatumia Hilt (maktaba inayowajazia vigeu) na kigeu chenye `@Inject lateinit var` kinalalamika, kabla ya yote angalieni kama Activity ina `@AndroidEntryPoint`, na kama hamkigusi kabla ya `super.onCreate`. Kwangu mara nyingi ni hapo.

ngoja_waje, saa 4:02 usiku

Wamekuja.

fundi_wa_majengo, Jumamosi saa 3 usiku

Mrejesho wakuu. Jana na leo nimekaa pale kwenye mzani kuanzia saa kumi jioni mpaka taa zinawashwa. `Kikao` imekufa, karani anasomwa kutoka DataStore. Picha 94, hakuna iliyojifunga. Na najua prosesi iliuawa, maana niliweka mstari kwenye Logcat unaoandika kila programu inapoanza, na nimehesabu mara 17 kwa jioni mbili. Mara 17 simu imeniua na kunifufua na mtu hajagundua.

Zile kumbukumbu 11 za Jumamosi iliyopita nimezipata pia. Faili zilikuwa bado zipo kwenye folda, ni njia tu ndiyo iliyopotea, nikazioanisha kwa saa na kilo pamoja na karani mmoja mmoja. Bibi mmoja aliyekuwa anadai kilo 48 alikuwa na haki yake.

Karani kafurahi, ila kabla sijashuka kaniita: "Fundi, mbona hizi picha zingine mzani umelala ubavu?"

Hiyo nafungulia uzi mwingine kesho.